Kompyuta Yetu Ilisema Safi

Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu ameniomba niwaandikie nyinyi wasichana wa Senior Five na Six kumbukumbu za kazi yangu, "kitu cha kuwatia moyo." Nikamwambia moyo wa kugawa sina. Akasema andika tu. Basi naandika, na asije akalalamika.

Nina miaka thelathini na moja na nimeshastaafu. Msicheke. Mtu anastaafu siku ambayo hakuna tena anayemtaka kazini, na kwangu siku hiyo ilifika mtoto wangu Sharon akiwa na miezi mitatu, maziwa bado yanamwagika kwenye blauzi. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka tisa katika kampuni ndogo ya intaneti hapa Busia, upande wa Uganda. Nilipanda milingoti, nilivuta nyaya, nilitukanwa kwenye simu. Lakini kazi niliyoijua kuliko zote ilikuwa ya kila asubuhi: kuandika amri kwenye skrini nyeusi, kusoma jibu, na kuandika jibu hilo kwenye daftari na kutia sahihi. Hiyo ndiyo iliyonitoa kazini.

Niliingia pale kupokea simu na kuchemsha chai. Cheti cha Senior Six, mwisho wa sekondari, nilikuwa nacho, pointi za chuo hazikufika. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori, na fundi mkuu alikuwa Mzee Ofwono, Mjapadhola wa Iyolwa, mwembamba, shati limechomekwa siku zote, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kukwangulia sikio. Siku moja alitoka chooni akanikuta nasoma skrini yake.

"Unaelewa hiyo?"

"Sielewi, Mzee. Ila hiyo namba jana ilikuwa juu, leo iko chini."

Akaniangalia mpaka nikaanza kutafuta mlango. "Nyar Samia," akasema, yaani binti wa Wasamia, "kesho chai atapika mtu mwingine."

Alinifundisha kwa malori, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunayaona dirishani. Lori linafika getini, dereva anasema mzigo huu ni wa fulani. Nani anajua kama ni kweli? Karatasi ndiyo inajua. Zamani kwenye intaneti karatasi haikuwepo. Kila mtandao una namba yake na una vitalu, yaani mafungu, ya anwani zake, na kazi yake ni kutangazia mitandao mingine: anwani hizi ziko kwangu, leteni mzigo wake huku. Ofwono aliwahi kufanya kazi hiyo kwa simu tu. Unampigia mtu wa Eldoret, unamsalimia, unamuulizia watoto, unamwambia nipitishie kitalu fulani, anakipitisha. Na mwongo naye alikuwa anapiga simu hivyohivyo. Mtu wa mbali akikosea tarakimu moja, mzigo wenu wote unakwenda kwake na nyinyi mnabaki mkiangalia taa za mashine zinawaka bure.

Siku hizi kuna hati. Mwenye anwani anaingia kwenye tovuti ya shirika lililompa anwani hizo, anaandika: kitalu changu hiki kinaruhusiwa kutangazwa na mtandao wenye namba hii, na kisikatwe vipande vidogo kuliko hivi. Anatia sahihi ya kompyuta ambayo haighushiki. Chombo chetu, programu ya kwenye ile skrini nyeusi, kilikuwa kinashusha hati zote za dunia, kinakagua sahihi moja moja, halafu unakiuliza: namba hii, kitalu hiki? Kinajibu neno moja kati ya matatu: halali, batili, au haijulikani. Ofisini kwetu tulisema safi, feki, na haina mwenyewe. Hakuna picha wala rangi. Unaandika, unabonyeza, unangoja. Nilikipenda chombo kile, nawaambia ukweli. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu kunijibu bila kuniuliza mimi ni binti wa nani.

Wiki yangu ya kwanza peke yangu niliingia asubuhi, nikauliza kitalu chetu, kikajibu haina mwenyewe. Nikauliza cha jirani zetu. Haina mwenyewe. Nikauliza cha kampuni kubwa kuliko zote ninazozijua. Haina mwenyewe! Nikatoka mbio mpaka kwa Director, ameshika chapati mkononi, nikamwambia dunia yote imepoteza hati. Director akaacha chapati. Akapiga simu Tororo, akapiga Kampala, akafokea watu wasiokuwa na kosa. Ofwono alipofika alitazama skrini, akacheka mpaka akakaa chini.

"Nyar Samia, umeuliza kabla haijamaliza kushusha. Ghala iko tupu. Mtu akikuuliza kwa ghala tupu, wewe utasema nini? Hakuna kitu, si ndiyo?"

Mwezi mmoja walinisalimia "mama wa dunia." Lakini sikurudia. Na nyinyi msirudie: chombo kikisema hakuna hati popote, kosa liko kwenye chombo chako, haliko duniani. Ngoja kimalize kushusha. Halafu angalia saa. Umeme wetu mnaujua. Unakatika, unarudi, na kompyuta yenye betri ndogo iliyochoka ndani inaamka ikidhani ni mwaka ule ilipotengenezwa. Kila hati inaonekana haijaanza kutumika, na wewe unaanza kulaani mashirika wakati kosa ni la betri inayotosha kwenye ukucha. Mimi nililipia hilo kwa kupanda mnara wa Tororo kwenye jua kali, nimebeba kifaa kizima cha kubadilisha, kisha nikashuka nacho kikiwa kizima vilevile, kwa sababu sikuangalia saa.

Na likija neno batili, usikimbie. Soma sababu chini yake. Kuna batili ya namba, yaani mtangazaji siye aliyeandikwa kwenye hati. Na kuna batili ya urefu, yaani mtangazaji ndiye, lakini amekata kitalu vipande vidogo kuliko alivyoruhusiwa. Ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana naona nazungukazunguka kama mtu anayeogopa kuingia msibani.

Hapa mpakani kila mtu ana viwili viwili. Laini ya huku na laini ya kule, kitambulisho cha huku na cha kule kwa walioweza, kanisa la huku na shangazi wa kule. Kampuni yetu pia. Tulikuwa na njia kuu kupitia Tororo, kwa namba yetu ya Uganda, na njia ya akiba kupitia Busia ya Kenya, kwa namba ya kampuni ndogo ya shemeji yake Director. Kitalu cha anwani kilikuwa kimoja. Njia ya Tororo ikikatika, kitalu kinahamia chenyewe upande wa pili, kinatangazwa na namba ya Kenya, na mteja hata hajui.

Ila hati ilikuwa moja, na ilitaja namba ya Uganda peke yake. Hakuna aliyefikiria. Kwetu kuvuka ni jambo la kila siku, unavuka kununua sabuni, utafikiria vipi kwamba anwani zikivuka zinahitaji hati yake?

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano greda la barabara lilipokata waya wetu wa Tororo. Kitalu kikahamia Kenya, na simu zikaanza: hii inafunguka, hii haifunguki. Nikauliza chombo. Kitalu chetu na namba ya Kenya: batili, sababu ni namba. Nikaelewa palepale. Mitandao mikubwa inayokagua hati ilikuwa inatutupa, ile isiyokagua ilikuwa inatupokea. Waya ukaungwa kabla ya saa sita na kelele zikaisha, lakini nilikwenda kwa Director na karatasi mkononi.

"Tuongeze hati ya pili, ya namba ya Kenya. Ni kazi fupi sana. Unaingia kwenye tovuti, unaandika, basi."

"Nywila iko kwa nani?"

Alijua iko kwa nani. Kitalu kilisajiliwa kwa barua pepe ya shemeji. Na Director na shemeji yake walikuwa hawasemezani, kwa sababu Director alimrudisha mke, dada yake shemeji, kwao wakati wa Krismasi na bado ng'ombe wa mahari hawajazungumzwa. Mafundi wa pande zote mbili tulikuwa tunapigiana simu kila siku, tunacheka. Mabosi, hata salamu hakuna.

"Mpigie tu," nikasema.

"Mimi nimpigie yule?" Akageuka kwa Ofwono. "Mzee, fanya hiyo kitu ikae safi."

Kesho yake asubuhi nikauliza chombo. Namba ya Uganda, safi. Namba ya Kenya, safi. Nikafurahi. Nikadhani wanaume wamepatana. Nikaandika kwenye daftari, safi na safi, nikatia sahihi. Nikaandika hivyo kila asubuhi mpaka tumbo likawa linagusa meza kabla ya mikono. Nikaenda kujifungua. Nikarudi Sharon akiwa na miezi miwili tu, kwa sababu Director alisema kiti hakiwezi kukaa tupu, na baba wa Sharon alikuwa ameshakwenda Juba na simu yake imezimwa. Mama yangu alikuwa anakaa na mtoto kwenye stoo, kati ya makasha ya nyaya, mimi nanyonyesha nikiwa nimesimama. Jina langu ni Nekesa, lakini pale lilikufa. Nikawa Mama Sharon, hata kwa watu niliowafundisha mimi kazi.

Tena greda. Safari hii lilikata waya asubuhi na waungaji wakawa mbali, upande wa Mbale. Simu zikaanza zilezile: hii inafunguka, hii haifunguki. Nikauliza chombo. Safi. Nikauliza mara tatu. Safi, safi, safi. Nikaangalia saa ya kompyuta, iko sawa. Nikaangalia kama imemaliza kushusha, imemaliza. Nilifanya yote niliyofundishwa, ndiyo maana nilijibu simu kwa kiburi: "Hapa kwetu tumepima, ni safi. Tatizo ni la hiyo tovuti yenu."

Karibu saa sita akaingia Amoding. Ni Mteso, yaani wa kabila la Teso, kutoka Kwapa huku kwetu, mjane, anavusha vifaranga wa siku moja kuwapeleka kwa wafugaji wa Amukura, upande wa Kenya. Vifaranga wa siku moja hawana subira. Wanakaa kwenye makasha ya karatasi yenye matundu, mia kwa kasha, na wakikaa juani bila hewa wanakufa wakiwa wamelaliana. Kibali chake cha mifugo kilikuwa kinatoka kwenye tovuti iliyokuwa haifunguki, na ajenti wake wa forodha alikuwa mteja wetu.

"Mama Sharon, nambie ukweli. Ni nyinyi ama si nyinyi? Kama ni nyinyi nakwenda kwa ajenti mwingine, yule wa kona, huyo ana mtandao ingine."

Sikilizeni vizuri swali lake. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka neno moja ili ajue aende wapi. Na ajenti wa kona alikuwa mwendo wa dakika kumi.

Nikamgeuzia skrini. "Ona mwenyewe, Mama. Safi. Mimi nimepima. Wewe ngoja tu hapohapo, watafungua."

Akaangalia skrini nyeusi ambayo hawezi kuisoma. "Wewe nakuamini," akasema. Akarudi kungoja kwenye foleni.

Mama yangu akaniletea mtoto, nikawa namnyonyesha huku nasoma jumbe za malalamiko, ndipo nikakumbuka kitu ambacho hakuna aliyewahi kunifundisha: kuuliza kwingine. Nikampigia Apio, msichana aliyekuja kwetu mwaka uliotangulia kwa mafunzo ya vitendo na sasa amerudi chuoni Busitema.

"Apio, una kile chombo kwenye kompyuta yako?"

"Niko nacho, sista. Nini?"

Nikamsomea namba ya Kenya na kitalu chetu. Nikasikia vidole vyake. 

"Sista, inasema batili."

"Rudia."

"Batili. Sababu, namba. Kwani kwako inasema nini?"

Nikakata simu. Amri ileile, siku ileile, saa ileile, na hati za dunia ni zilezile. Kama mimi napata safi na yeye anapata batili, kuna kitu kati yangu na dunia. Nikafungua ile amri yetu fupi. Lazima mjue, hatukuwa tunaandika amri ndefu yote kila asubuhi. Ofwono alitutengenezea ya mkato, neno moja tu, na lenyewe linaita mengine nyuma. Sikuwahi kuangalia nyuma yake. Miaka tisa! Nikaangalia. Mkiani kulikuwa na nyongeza, inaita faili la msamaha.

Faili la msamaha ni kitu halali, msinielewe vibaya. Chombo kinakuruhusu kukiambia: hapa kwangu, hii ichukulie kuwa safi hata kama hati haisemi hivyo. Limewekwa kwa ajili ya dharura na majaribio. Lakini linafanya kazi kwenye kompyuta yako peke yake. Ni kama barua ya mwenyekiti wa kijiji chako inayosema wewe ni mtu mzuri. Kijijini inatosha. Nenda nayo Nairobi uone kama utafunguliwa mlango. Sisi tulijiandikia barua, tukajisomea wenyewe, na kila asubuhi mimi nikatia sahihi kwamba tumekubalika duniani.

Faili lilikuwa na namba ya Kenya na kitalu chetu. Juu yake kulikuwa na maneno: "ya muda tu, O."

Ofwono alikuwa chumba cha pili anakula mihogo. Nikamwekea kompyuta mbele ya sahani.

"Mzee, hii nini?"

Akafuta mikono polepole. "Hiyo ni ya muda."

"Muda gani? Nilikuwa na mimba, nimezaa, mtoto anacheka. Muda gani huo?"

"Nyar Samia, punguza sauti. Director alisema ikae safi. Ningefanya nini? Nywila sina."

"Ungeniambia! Kila asubuhi ulinikuta naandika kwenye daftari. Ulisimama nyuma yangu. Ulisema, 'Vizuri.' Mzee, ulisema vizuri!"

"Ulikuwa na tumbo. Sikutaka kukusumbua."

Basi hasira zikanipanda. Wasichana, mtakutana na huruma ya namna hiyo kazini, na nawaomba muikimbie. Anakuficha ukweli wa kazi yako mwenyewe, halafu anaiita huruma. Yule mtu alinifundisha kila ninachokijua. Alinifundisha pia kuwa kipofu palepale alipotaka nisione, na mimi nilimshukuru kwa zote mbili.

Nikalifuta lile faili palepale mbele yake, nikauliza tena. Batili. Miezi yote ile, jibu la kweli lilikuwa limekaa chini ya mistari miwili. Nikakimbia nje kumtafuta Amoding nimwambie aende kwa ajenti wa kona.

Nilikutana naye mlangoni anaingia. Amebeba kasha moja kichwani, mengine ameyaacha kwenye pikipiki. Akaliweka juu ya kaunta, akafungua. Nisingependa kuwaelezea. Walikuwa wa manjano, wale, kama maua, na mmoja pembeni bado alikuwa anafungua mdomo.

"Vifaranga yangu imekufa," akasema. Hakupiga kelele. "Ulisema ngoja. Nimengoja."

Director akatoka ofisini kwake, akaona kasha, akaona watu wanakusanyika, akasema kwa ile sauti yake kama ya redioni kwamba jambo litachunguzwa, Mama, tulia. Akaniita ndani. Ofwono alikuwa ameshakaa. Uchunguzi ulikuwa umeshaisha, ulikuwa umechapwa. Barua ya aya moja: kwamba fundi Nekesa aliweka mipangilio isiyo sahihi kwenye chombo cha ukaguzi na kutoa taarifa potofu, kutokana na kukosa umakini baada ya kujifungua.

"Daftari lina sahihi ya nani?" Director akauliza.

"Yangu."

"Nani alimwambia huyo mama angoje?"

"Mimi."

"Basi. Weka sahihi hapa, utarudi kwenye meza ya simu, mshahara unaendelea, mtoto anakula. Hatutaki makelele. Usipoweka, sijui nitakusaidiaje."

Nikamwangalia Ofwono. "Mzee, sema."

Ofwono alikuwa anaangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Nawaambia ukweli kwa sababu mwalimu wenu hatawaambia: nilishika kalamu. Nilifikiria maziwa ya kopo, nilifikiria mama yangu stoo. Mimi si shujaa wa mtu. Meza ya simu si jela. Ningeandika jina na kurudi pale nilipoanzia, na jioni ningepanda boda nikalala. Kilichonizuia ni lile neno, baada ya kujifungua. Kama wangeandika kwamba mimi ni mjinga, labda ningesaini, kwa sababu mara nyingine nilikuwa. Lakini walitaka Sharon abebe faili la Ofwono. Mtoto wa miezi mitatu, wamtwike kosa la wanaume wawili wanaonuniana na mmoja anayeogopa!

Nikageuza barua, nikaandika nyuma yake amri yote, ile ndefu, bila mkato. Chini yake nikaandika jibu la Busia na jibu la Busitema, na jina la faili, na ile herufi O. Nikatia sahihi hapo. "Hii ndiyo naisaini," nikasema.

"Mama Sharon, unajiharibia."

"Naitwa Nekesa."

Nikaenda stoo nikamchukua mtoto na mama yangu. Amoding alikuwa bado kwenye kaunta na kasha lake. Nikasimama mbele yake, Sharon mgongoni, nikamwambia: "Ulipouliza kama ni sisi, nilisema si sisi. Ni sisi. Nilikuwa sijui, lakini nilisema kama najua."

Akanitazama. "Sasa hiyo nitakula?" akasema. Akafunika kasha akaondoka.

Wiki hiyohiyo Director alimpigia shemeji yake. Apio ndiye aliyeniambia: aliuliza tena kutoka Busitema, namba ya Kenya na kitalu chetu, na ikasema safi. Safi ya kweli, ya hati. Simu moja ilitosha. Walichonyimana tangu Krismasi walipeana kwa simu moja, mimi nikiwa nimeshatoka na vifaranga wameshafukiwa.

Nimeomba kazi sehemu mbili Tororo na moja ng'ambo, Kenya. Ng'ambo hawakujibu. Tororo wamejibu vizuri, wamenikalisha, wameniuliza maswali, kisha mmoja akasema, "Wewe si ndiye yule mama wa faili?" Barua ile ilitembea bila sahihi yangu. Upande wa nyuma haukutembea.

Kwa hiyo chukueni ninachoweza kuwapa. Amri ya mkato uliyoikuta kazini, ifungue usome kilicho nyuma yake kabla hujaitumia hata mara moja. Uliza kama kuna faili la msamaha, nani aliliandika, na litafutwa siku gani. Asiyejua siku ya kulifuta usikubali aliandike. Usitie sahihi kwenye jibu la kompyuta moja. Kuwa na Apio wako mahali pengine, mtu asiyekula kwa bosi wako. Na mtu akikuuliza ni nyinyi ama si nyinyi, na hujui, mwambie hujui. Ni neno dogo, halitakugharimu kitu siku hiyo. Mimi nilimnyima neno hilo mwanamke mwenye makasha ya vifaranga juani, kwa sababu nilipenda kuonekana najua.

Mwezi uliopita Ofwono alikuja nyumbani. Alikuja kama watu wanavyokuja kuona mtoto: kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, shati limechomekwa. Mama yangu akamkaribisha, akatandika kitambaa. Akamshika Sharon, akamsifia macho. Akasema Director amepoa, meza ya simu iko wazi, nikirudi hakuna atakayeuliza.

"Na ile barua?" nikasema.

"Barua iko kwa faili tu. Hakuna anasoma."

"Tororo wameisoma."

Akamhamishia Sharon goti la pili.

"Mzee, mimi sitaki meza ya simu. Chukua karatasi, andika kwamba lile faili ni lako. Jina lako, sahihi yako. Kalamu unazo mbili."

"Nyar Samia, nimebakiza miaka miwili nipumzike."

"Mimi nimeshapumzika. Unaniona?"

Mama yangu alinikanyaga mguu chini ya meza, mgeni ni mgeni. Ofwono akamrudisha mtoto kwangu, akasimama, akasema atafikiria. Chai ilikuwa imeshamiminwa na hakuigusa. Alipofika barabarani nilimwona akijipapasa mfukoni, nikadhani anatafuta kalamu, anarudi. Alikuwa anatafuta simu yake.

Sukari aliiacha. Sikuweza kuitia kwenye chai na sikuweza kuitupa. Jumamosi nilipanda boda na Sharon mpaka Kwapa, nikauliza nyumba ya Amoding, nikamkuta anapalilia muhogo. Nikamwekea sukari na sabuni kwenye kizingiti. Hakuniuliza vimetoka kwa nani. Alivichukua akaviingiza ndani bila kunishukuru, kisha akarudi kwenye jembe lake, na mimi nikamfunga Sharon vizuri mgongoni, nikaondoka.